Upweke wa mwanafunzi ughaibuni: namna ya kupata watu wako

Siku ya kuondoka hukuwa peke yako. Pale KIA walikuja wazazi, shangazi, wajomba, mchungaji au padri wa jumuiya, na majirani wawili watatu waliopata nafasi kwenye gari. Ulipigwa picha, ukaombewa, ukafungashiwa ndizi kavu na majani ya chai. Wiki sita baadaye umekaa kwenye chumba cha hosteli, nje ni giza, na tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuita kwa jina lako.

Kama hali hii unaifahamu, makala hii ni yako. Imeandikwa kwa ajili ya vijana wa Moshi, Machame, Kibosho, Marangu, Rombo na kwingineko Kilimanjaro wanaokwenda kusoma India, China, Uturuki, Ulaya au Marekani, na pia kwa wazazi waliobaki nyumbani. Inaeleza upweke unaufanya nini mwili na akili, na namna ya kupata watu wa kuwa nao huko uliko.

Upweke ni nini?

Upweke ni maumivu yanayotokea pale uhusiano ulio nao na watu unapokuwa mdogo kuliko unaouhitaji. Mtu anaweza kukaa peke yake shambani kutwa nzima na asiwe mpweke. Mwingine anaweza kukaa kwenye ukumbi wa wanafunzi mia tatu na upweke ukamtafuna.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Takwimu hazisemi hivyo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti inayoonyesha kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vijana ni miongoni mwa wanaoumia zaidi. Katika nchi zenye kipato cha chini kiwango kilikuwa karibu asilimia 24, wakati katika nchi tajiri kilikuwa karibu asilimia 11.

Upweke wa muda mrefu huathiri usingizi, hupandisha msongo wa mawazo, na huongeza hatari ya sonona, magonjwa ya moyo na kiharusi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliokusanya tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 300,000, ulionyesha kwamba watu wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa kadiri ya asilimia 50, kuliko wale wenye uhusiano dhaifu. Kwa hiyo kutafuta watu wa kuwa nao ni sehemu ya kutunza afya yako. Usione unapoteza muda wa masomo.

Kwa nini unaumia hata kama mambo yanakwenda vizuri?

Sababu huwa zaidi ya moja, na mara nyingi zinakuja pamoja.

*Mshtuko wa ugeni.* Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliueleza mshtuko huu katika andiko la mwaka 1960. Mwanzoni kila kitu kinapendeza: treni, theluji, maktaba isiyofungwa. Kisha vitu vidogo vinaanza kukuchosha. Husalimiwi kwenye ngazi, jina lako linatamkwa vibaya, huelewi utani wa darasani. Baadaye mtu huanza kuzoea, na mwishowe hujisikia anapamudu. Wengine hupita hatua hizi upesi, wengine hurudi nyuma mara kadhaa. Kujisikia vibaya mwezi wa pili au wa tatu hakuna maana kwamba ulikosea kusafiri.

*Kuwa "mweusi" kwa mara ya kwanza.* Nyumbani watu walikutambua kama Mmachame au Mrombo. Ulipofika Dar es Salaam ukawa Mchaga. Ukifika Ulaya, Marekani au Asia, unajikuta ni mtu mweusi kabla ya yote. Huenda ukafuatwa na mlinzi dukani, ukaulizwa kama kweli ulifaulu mwenyewe, ukaguswa nywele bila ruhusa, au ukanyimwa chumba cha kupanga kwa sababu zisizoeleweka. Ubaguzi wa rangi huchosha mwili: moyo hukaa katika hali ya tahadhari, usingizi hupungua, na mtu huanza kujitilia shaka. Kinachouma zaidi ni kukosa mtu wa kumwambia, ambaye hatakujibu kwamba umejidhania tu.

*Deni la michango.* Hili linawagusa wengi kutoka kwetu. Ili usafiri, watu walichanga. Kuna aliyeuza ng'ombe, kuna aliyekopa kikoba, kuna usharika uliokusanya sadaka maalumu. Sasa ukiwa na huzuni unajiona huna haki ya kulalamika. Simu ya nyumbani inakuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Masomo vipi?"

"Mazuri tu, mama."

"Unakula vizuri?"

"Nakula, mama. Wasalimie."

Ukikata simu, unalia. Mama naye anawaambia majirani kwamba mtoto anaendelea vizuri. Kila mtu anamlinda mwenzake, na wewe unabaki peke yako zaidi.

*Giza na baridi.* Moshi ipo karibu na ikweta, na mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. London mwezi Desemba mchana ni pungufu ya saa 8, na jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Baadhi ya watu hupata huzuni ya majira ya baridi kwa sababu ya upungufu huu wa mwanga. Desemba pia ndiyo wakati ambapo kwetu barabara ya kwenda mlimani hujaa magari ya watu wanaorudi kwa Krismasi, na wewe unazitazama picha kwenye simu.

Waliotangulia walifanya nini?

Shida hii ni ya zamani, na namna ya kuitatua pia ni ya zamani. Mwaka 1925 wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa London, wakiongozwa na Ladipo Solanke kutoka Nigeria, walianzisha Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Magharibi. Wakati ule wenye nyumba wengi walikataa kuwapangisha watu weusi. Mwaka 1933 umoja huo ukafungua hosteli yake mwenyewe katika eneo la Camden, mahali ambapo Mwafrika aliyetoka kushuka melini angeweza kulala, kula na kuzungumza bila kujieleza.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Watanganyika wachache walianza kufika vyuo vya Uingereza. Thomas Marealle, aliyekuja kuchaguliwa Mangi Mkuu wa Wachaga mwaka 1951, alisoma huko. Julius Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Huko Marekani, mwaka 1966 wanafunzi weusi wa chuo cha San Francisco State walianzisha umoja wao, na vyuo vingine vikafuata. Leo vyama vya aina hiyo vipo katika vyuo vingi, na mlango wake uko wazi kwako pia.

Watu wako watapatikana wapi?

Usitafute kundi moja litakalokupa kila kitu. Ni salama zaidi kuwa na uzi katika sehemu tatu au nne.

1. *Watu wa nyumbani.* Tafuta jumuiya ya Watanzania katika mji wako. Ubalozi mara nyingi una mawasiliano ya viongozi wao. Hapa utapata Kiswahili, habari za kupanga chumba, na mahali panapouzwa unga wa ugali. Ukikuta kundi lina majungu au mashindano ya kuonyeshana mafanikio, si lazima ushiriki yote. Watu wawili wanaoaminika wanatosha.

2. *Wanafunzi weusi wa nchi nyingine.* Uingereza vyuo vingi vina chama kinachoitwa African Caribbean Society, kwa kifupi ACS. Marekani tafuta Black Student Union au African Students Association. Mwanzoni unaweza kujiona mgeni hata humo. Mmarekani mweusi, Mjamaika na Mnigeria wana historia tofauti na yako, na utani wao hutauelewa siku ya kwanza. Sikiliza, uliza, na usiwe mwepesi wa kuhukumu. Mara nyingi hawa ndio watakaojua ni kinyozi gani anaweza nywele zako, ni mwalimu gani anatenda haki, na malipoti ya ubaguzi yanapelekwa ofisi gani.

3. *Nyumba ya ibada.* Kama umekulia katika usharika wa KKKT, parokia au msikiti, hilo ni daraja lililo tayari. Kanisa la Kilutheri nchini Uingereza, kwa mfano, limekuwa na ibada za Kiswahili jijini London. Katika miji mingi utakuta pia msikiti au kanisa lenye Waafrika Mashariki wengi.

4. *Wenyeji na watu wa shughuli moja.* Kwaya, mpira, kikundi cha kupanda milima, kazi ya kujitolea. Hapa huhitaji kuwa na maneno mengi, kwa sababu kazi ya mikono ndiyo inayowaunganisha.

Urafiki unahitaji saa ngapi?

Wanafunzi wengi hukata tamaa mapema. Wanakwenda kwenye sherehe moja ya kukaribisha wageni, wanarudi bila rafiki, na wanaamua kwamba watu wa nchi hiyo ni baridi. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti mwaka 2018 ulioonyesha kwamba mtu huhitaji takribani saa 50 pamoja na mwenzake ili watoke kwenye kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, karibu saa 90 kuwa marafiki, na zaidi ya saa 200 kuwa marafiki wa karibu.

Fanya hesabu. Kwaya ya saa mbili kila wiki itakupa saa 50 baada ya wiki 25. Ukiongeza kupika pamoja kila Jumamosi, muda huo unapungua sana. Kwa hiyo chagua shughuli inayojirudia, yenye watu walewale, na uende hata siku ambayo hujisikii. Ni kama kusafisha mfongo kule migombani: maji hayaji siku ile ya kwanza mnapoanza kuchimba, lakini anayefika kila zamu hujulikana na wenzake.

Hatua za muhula wa kwanza

- *Kabla ya kuondoka Moshi:* fanya uchunguzi wa afya. Kama uliwahi kutibiwa sonona, wasiwasi au ugonjwa mwingine wa akili, omba barua ya daktari yenye majina ya dawa zako. KCMC na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi ni mahali pa kuanzia.
- *Wiki ya kwanza:* jiandikishe kwa daktari au kituo cha afya cha chuo kabla hujaugua. Jua bima yako inalipia nini. Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi hulipa ada ya afya pamoja na viza, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka. Umeshalipia huduma hiyo, itumie.
- *Wiki ya pili:* hudhuria mikutano ya vikundi viwili. Chagua kimoja utakachokwenda kila wiki.
- *Wiki ya nne:* mwalike mtu mmoja kula. Si lazima iwe mtori kamili. Chai na chapati mbili zinatosha kufungua mlango.
- *Kila siku:* toka nje mchana, hata kama kuna mawingu. Tembea angalau nusu saa.
- *Kila wiki:* ongea na mtu mmoja kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti na si kwa ujumbe tu.

Jambo la ziada kuhusu jua: ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D taratibu zaidi kuliko ngozi nyeupe, na katika nchi za kaskazini jua la majira ya baridi halitoshi. Huduma ya afya ya Uingereza hushauri kila mtu afikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku wakati wa vuli na baridi, na watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kuitumia mwaka mzima. Usizidishe dozi bila kumwona daktari.

Namna ya kuwaambia nyumbani

Huna haja ya kuchagua kati ya kudanganya na kuwatisha. Sema ukweli mdogo, na useme unachohitaji:

"Mama, masomo yanaendelea. Ila siku hizi moyo umekuwa mzito. Sihitaji pesa wala sirudi nyumbani, nataka tu tuongee kidogo."

Kama mama atashtuka sana, anza na mtu mwingine: dada, mjomba anayeelewa, au rafiki mliyesoma naye. Panga siku na saa maalumu ya simu, kwa sababu tofauti ya saa huvuruga mazoea. China ipo mbele ya Tanzania kwa saa 5, India kwa saa 2 na nusu, na pwani ya mashariki ya Marekani ipo nyuma kwa saa 7 au 8.

Ni upweke wa kawaida au ni sonona?

Huzuni ya ugeni huja na kuondoka. Siku ukicheka na wenzako, unapata nafuu. Sonona hukaa. Muone mtaalamu ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku:

- una huzuni au huoni raha katika mambo uliyoyapenda;
- hulali, au unalala mno;
- huli, au unakula kupita kiasi;
- huna nguvu, na kuingia darasani kumekuwa mzigo;
- unajiona hufai, au umewaangusha waliokuchangia;
- unashindwa kutuliza mawazo kwenye kitabu;
- unatumia pombe au dawa ili usihisi chochote.

Kwetu dalili nyingine hutokea mwilini. Mtu husema kichwa kinamuuma, kifua kinabana, tumbo linasokota, au "nina mawazo mengi". Mwambie daktari vyote viwili: maumivu ya mwili na mambo yanayokusumbua moyoni. Akisikia tumbo tu, atatibu tumbo tu.

*Kama unafikiria kujiua au kujidhuru, usisubiri wiki mbili. Tafuta msaada sasa hivi.* Mwambie mtu aliye karibu asikuache peke yako, nenda kitengo cha dharura cha hospitali, au piga simu:

- Marekani: 988
- Uingereza: 116 123 (Samaritans), au 999 kwa dharura
- India: 14416 (Tele-MANAS)
- Nchi za Umoja wa Ulaya na Uturuki: 112 kwa dharura

Na kama rafiki yako ndiye unayemhofia, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema kile alichokuwa anakificha.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

*Nikimwona mnasihi wa chuo, wazazi au mfadhili wataambiwa?*
Kwa kawaida hapana. Mazungumzo hayo ni siri yako. Mnasihi anaweza kumhusisha mtu mwingine pale tu maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini. Una haki ya kumuuliza utaratibu huo mwanzoni, kabla hujaeleza chochote.

*Mnasihi ni Mzungu. Ataelewa nini kuhusu mimi?*
Huenda asielewe yote. Unaruhusiwa kuuliza kama yupo mnasihi mweusi au mwenye uzoefu na wanafunzi wa kimataifa. Asipokuwepo, mpe nafasi mara mbili tatu, na umweleze waziwazi mambo ya michango na familia. Ukiona haifai, omba mwingine.

*Kwani kusali hakutoshi?*
Sali. Na pia nenda hospitali. Mtu akivunjika mguu Marangu huombewa, kisha hupelekwa kufungwa plasta.

*Nikirudi nyumbani kabla ya kumaliza, nimeshindwa?*
Wapo waliopumzika muhula mmoja kwa ajili ya afya, wakarudi na kuhitimu. Ongea na ofisi ya wanafunzi kabla ya kuamua, kwa kuwa viza na ufadhili vina masharti yake.

Kwa wazazi na ndugu mliobaki

Mkipiga simu, msiulize masomo peke yake. Uliza: "Leo umeongea na nani? Umekula na nani?" Majibu yake yatawaambia mengi. Akisema amechoka, msikimbilie kumkumbusha gharama, kwa sababu gharama anazikumbuka kila usiku. Msikieni kwanza. Sentensi moja kutoka kwa baba, "Hata mambo yakiwa magumu, hapa ni kwenu," inaweza kumsaidia kuliko pesa mtakayomtumia.

Kumbukeni pia kwamba Moshi nayo inapokea wageni. Katika vyuo vyetu wapo wanafunzi kutoka nchi jirani, na wapo vijana weusi kutoka Marekani wanaokuja wakitarajia kupokewa kama ndugu, kisha wanashangaa kuitwa "mzungu" sokoni. Yale tunayomwombea mtoto wetu ayapate huko, mtoto wa mwenzetu anayahitaji hapa. Mkaribisheni chai, mfundisheni kusalimia, mjueni kwa jina.

Kumbuka

- Upweke ni suala la afya, na unaweza kutibika.
- Urafiki hujengwa kwa kurudi palepale kila wiki.
- Kuwa na uzi katika makundi matatu au manne, na mtu mmoja unayeweza kumwambia ukweli.
- Dalili zikidumu wiki mbili, muone mtaalamu. Mawazo ya kujiua hayasubiri.

Leo, kabla hujaifunga simu hii, mtumie mtu mmoja ujumbe mfupi: "Upo? Tuonane Jumamosi." Anza na huo.

*Makala hii ni ya kutoa elimu kwa jumla na haichukui nafasi ya ushauri wa daktari au mtaalamu wa afya ya akili.*